Inakuwaje barafu itoe eksirei?

Swali la msomaji kutoka Malindi: Tangu shuleni nimefundishwa kwamba eksirei za angani hutoka kwenye vitu vyenye joto la mamilioni ya digrii, kama gesi inayoangukia shimo jeusi. Hivi karibuni nimesoma kwamba hata nyotamkia, ambazo ni barafu na vumbi, hutoa eksirei, na kwamba huonwa na vyombo vilevile vinavyofuatilia mashimo meusi na galaksi hai, yaani zile ambazo shimo jeusi la katikati yake linameza gesi. Inawezekanaje? Na chombo kikishapokea eksirei, wataalamu wanajuaje kama zimetoka kwenye nyotamkia, kwenye galaksi ya mbali, au kwenye shimo jeusi lililoamka ghafla?

Jibu: Ndugu msomaji, ulichofundishwa ni kweli kwa sehemu kubwa ya vyanzo vya eksirei tunavyovijua, lakini kina mipaka yake. Eksirei inatuambia kwamba mahali fulani elektroni imepoteza nishati nyingi kwa mkupuo mmoja. Haituambii kama elektroni hiyo ilikuwa ndani ya gesi yenye moto mkali, au iliigonga fotoni (chembe ya nuru) dhaifu na kuipa nguvu, au iliporomoka tu kutoka ngazi ya juu ya atomu hadi ngazi ya chini mahali palipo na baridi kali. Njia hizi tatu zote zipo angani, na kwa bahati nzuri swali lako limegusa mfano wa kila moja.

Kabla ya kuingia ndani, ni vyema nikueleze kipokezi cha eksirei hupokea nini hasa. Fotoni ya nuru tunayoiona kwa macho ina nishati ya elektronivolti (kipimo cha nishati ya chembe) mbili au tatu. Fotoni ya eksirei ina nishati ya kuanzia elektronivolti mia moja na kitu hadi makumi ya maelfu. Kwa sababu ya nishati hiyo, kipokezi huweza kuzihesabu moja moja, na kwa kila fotoni huandika mambo matatu: imegonga wapi, saa ngapi, na kwa nishati kiasi gani. Joto halimo katika orodha hiyo. Joto tunalikisia baadaye, baada ya kuamua ni utaratibu gani uliozalisha fotoni hizo, na mtu akikosea katika uamuzi huo wa kwanza, joto atakalolitaja halitakuwa na maana yoyote.

Umeuliza kutoka mahali panapohusika sana na habari hii. Angahewa yetu huzuia eksirei zote za angani zisifike ardhini, kwa hiyo vipokezi ni lazima vipandishwe juu yake. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipokuwa ikitimiza miaka saba ya uhuru, roketi aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lililosimikwa baharini katika ghuba ya Ungwana karibu na Ngomeni, ikiwa imebeba setilaiti ya Marekani iliyokuwa ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya falaki ya eksirei peke yake. Kwa heshima ya siku hiyo ikaitwa Uhuru. Jukwaa lilikuwa la Waitaliano, mradi ulioanzishwa na Profesa Luigi Broglio, na faida yake kubwa ilikuwa kukaribia ikweta. Setilaiti inayozunguka juu ya ikweta hulikwepa eneo la kusini mwa bahari ya Atlantiki ambako chembe zenye chaji hushuka chini zaidi na kuvijaza vipokezi kelele. Kutoka jukwaa hilohilo zilirushwa pia Ariel 5 ya Uingereza, tarehe 15 Oktoba 1974, na SAS-3 ya Marekani mwaka 1975.

Uhuru haikuwa na darubini ya vioo. Ilikuwa na vipokezi viwili vya gesi vilivyotazama pande zinazopingana, na mbele ya kila kimoja palikuwa na vijimirija vya chuma vilivyoubana uwanja wa kuona, upande mmoja hadi nusu digrii tu na upande wa pili hadi digrii tano. Setilaiti ilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12 hivi. Chanzo kilipopita mbele ya dirisha, hesabu ya fotoni ilipanda kisha ikashuka kwa umbo la pembetatu, na ncha ya pembetatu hiyo ndiyo iliyoonyesha chanzo kiko upande gani. Kwa njia hii ya kivumilivu ilipatikana orodha ya vyanzo 339. Mimi naona idadi hiyo ni ndogo kuliko jambo lingine ililolifanya Uhuru, yaani kuonyesha kwamba anga ya eksirei haitulii. Chanzo kiitwacho Cen X-3 kilikutwa kikipiga kila baada ya sekunde 4.8 kama mshipa, na vingine vilififia au kung'aa kutoka wiki moja hadi nyingine. Tangu hapo mwanafalaki wa eksirei hawezi kutaja mwangaza wa chanzo bila kutaja tarehe.

Tuanze na vyanzo vya ghafla. Mapema mwezi Agosti 1975 Ariel 5 iliona chanzo kipya katika kundinyota la Monoceros, jirani na Jabari, mahali ambapo hapakuwa na chochote cha kutajwa. Kwa muda wa siku chache kiliongezeka hadi kikawa chanzo king'avu kuliko vyote vya eksirei nje ya mfumo wa Jua, mara 50 hivi ya Nebula ya Kaa, mabaki ya nyota iliyolipuka, ambayo ndiyo kipimo chetu cha kawaida. Kiliitwa A0620-00, na kisha kikafifia kwa miezi. Wanafalaki walipofukua sahani za picha za zamani waliona kwamba nyota ya mahali hapo iliwahi kung'aa hivyo mwaka 1917, yaani miaka 58 nyuma. Mwaka 1986 Jeffrey McClintock na Ronald Remillard, wakipima mwendo wa nyota hiyo inayozunguka mwenzake asiyeonekana kila baada ya saa 7.75, walionyesha kwamba mwenzake huyo ana uzito unaozidi Jua mara tatu, kiasi ambacho nyota ya nyutroni (kiini kilichogandamana cha nyota iliyokufa) haiwezi kukihimili. Lilikuwa shimo jeusi, na leo linahesabiwa miongoni mwa yaliyo karibu nasi, kwenye umbali wa miaka ya nuru 3,500 hivi.

Kwa nini lilale miaka 58 kisha liamke? Nyota ya pembeni humwaga gesi yake kidogo kidogo, nayo gesi haiangukii shimo moja kwa moja bali hukusanyika katika sahani inayolizunguka. Ikiwa ya baridi, gesi hiyo haina msuguano wa kutosha, hivyo hujaa kama maji nyuma ya kingo ya mchanga. Inapofikia joto la digrii 10,000 hivi, haidrojeni huanza kupoteza elektroni zake, msuguano hupanda ghafla, na shehena ya miongo mingi huteremka ndani kwa wiki chache. Karibu na shimo sahani hufikia digrii milioni kumi, na hapo ndipo somo lako la shuleni linapotimia bila mjadala, kwa kuwa gesi moto hutoa eksirei kwa sababu ni moto. Lakini hata hapa kuna nyongeza. Mwanzoni mwa mlipuko eksirei nyingi huwa ngumu, zenye nishati ya makumi ya maelfu ya elektronivolti, na hizo sahani pekee haiwezi kuzitoa. Hutokana na wingu la elektroni zenye joto kali zaidi lililo karibu na shimo, ambalo hugonga fotoni dhaifu za sahani na kuzipandisha daraja.

Utaratibu huo wa pili ndio unaotawala katika galaksi hai. Ziliwekwa kwenye orodha ya vyanzo vya eksirei na Uhuru, iliyoona eksirei kutoka NGC 4151, galaksi iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 50 hivi, na kutoka 3C 273, kwasari (galaksi hai yenye kitovu king'avu mno) iliyo katika kundinyota la Mashuke kwenye umbali unaozidi miaka ya nuru bilioni mbili. Ariel 5 ikafuatia kwa kuthibitisha kwamba galaksi za aina ya Seyfert, yaani galaksi hai zisizo na mng'ao mkubwa kama kwasari, kama kundi, ni vyanzo vya eksirei. Katikati ya kila moja ya galaksi hizi kuna shimo jeusi lenye uzito wa mamilioni au hata mabilioni ya Jua, nalo limezungukwa na sahani ya gesi. Kinyume na mtu anavyoweza kudhani, sahani ya shimo kubwa ni ya baridi kuliko sahani ya shimo dogo, kwa kuwa ukingo wake wa ndani ni mpana mno na nishati hutawanyika juu ya eneo kubwa. Hung'aa zaidi katika urujuanimno. Eksirei zake ni fotoni za urujuanimno zilizogongwa na wingu la elektroni zilizo juu ya sahani mpaka zikawa eksirei.

Tofauti ya ukubwa hubadilisha pia kasi ya matukio. Nuru haiwezi kuvuka kitu kwa muda mfupi kuliko ukubwa wake unavyoruhusu, kwa hiyo kitu kikubwa hakiwezi kubadilika chote kwa wakati mmoja. Shimo lenye uzito wa Jua 10 lina nusu kipenyo cha kilomita 30. Lenye uzito wa Jua milioni 100 lina nusu kipenyo cha kilomita milioni 300, mara mbili ya umbali wetu na Jua. Kile kinachochukua sekunde moja pembeni mwa shimo la kwanza huchukua siku zipatazo 115 pembeni mwa la pili. Ndiyo maana mlipuko wa chanzo cha ghafla ndani ya galaksi yetu tunaweza kuutazama tangu kuanza hadi kuzimika, ilhali mzunguko kamili wa aina hiyo katika kwasari hautaonwa na mwanafalaki mmoja, wala na wanafunzi wa wanafunzi wake.

Sasa nyotamkia, ambazo ndizo kiini cha swali lako.

Tukirudi kidogo kwa Uhuru, vipokezi vyake vilipokea fotoni za elektronivolti 2,000 hadi 20,000 tu. Hata ingepitiwa na nyotamkia kubwa kiasi gani isingeona kitu, kwa maana karibu eksirei zote za nyotamkia zina nishati iliyo chini ya elektronivolti 1,000. Ilibidi tungoje ROSAT, setilaiti ya Ujerumani iliyoshirikisha Marekani na Uingereza, iliyorushwa Juni 1990 na yenye vioo vilivyotengenezwa kwa ajili ya eksirei laini. Mwishoni mwa Machi 1996 nyotamkia Hyakutake ilipita kilomita milioni 15 tu kutoka Dunia, na kikundi kilichoongozwa na Carey Lisse kikaielekeza ROSAT huko. Makisio ya wakati huo yalikuwa kwamba, kama kungekuwa na eksirei zozote, zingekuwa hafifu mno, cheche za eksirei za Jua zilizodundishwa na vumbi. Zilizopatikana zilizidi makisio kwa takriban mara 100. Nguvu yake ilikuwa kama wati milioni 400, na umbo lake lilikuwa la hilali iliyosogea upande wa Jua, mbele ya kiini, wala si mkiani.

Kilichofuata ni moja ya mijadala mizuri zaidi ya falaki ya miaka hiyo, na nakishauri kiwe fundisho kwa mwanafunzi yeyote anayedhani data hujieleza zenyewe. Wapo waliosema ni vumbi dogo kupita kiasi linalotawanya eksirei za Jua. Wengine walisema ni elektroni za upepo wa Jua zinazobanwa na kupunguzwa mwendo, au chembe za vumbi zinazogongana. Mwaka 1997 Thomas Cravens wa Chuo Kikuu cha Kansas alichapisha maelezo yaliyoshinda, yaani ubadilishanaji wa chaji, na inafaa tuufuate hatua kwa hatua.

Angahewa ya nje ya Jua, iitwayo korona, ina joto la digrii milioni moja hadi mbili. Katika joto hilo atomu hugongana kwa nguvu kiasi cha kupokonywa elektroni zao, hivi kwamba oksijeni, ambayo kwa kawaida ina elektroni nane, hubaki na mbili, au moja, au haibaki na hata moja. Gesi hii hutoka nje ikiwa upepo wa Jua, wenye kasi ya takriban kilomita 400 kwa sekunde, na kadiri inavyosafiri inakuwa nyembamba mno hata ioni hizo (atomu zilizopungukiwa elektroni) hazipati tena elektroni za kuzirudishia upungufu wao. Hufika kwenye umbali wa Dunia baada ya siku nne na ushei zikiwa katika hali ileile ziliyotoka nayo koronani. Si nyingi, kwani ioni nzito za namna hii ni kama moja kwa elfu ya upepo wote, ambao sehemu yake kubwa ni protoni. Ila zinatosha.

Nyotamkia inapolikaribia Jua, barafu yake hugeuka mvuke bila kupitia hali ya kimiminika, na mvuke huo hutanda kuwa wingu la upana wa mamia ya maelfu ya kilomita. Molekuli za wingu hili hazina chaji: ni maji, pamoja na vipande vya maji yaliyovunjwa na nuru ya Jua. Chukua ioni ya oksijeni iliyobaki na elektroni moja tu, ikipita jirani na molekuli ya maji. Mvuto wake wa umeme ni mkubwa kiasi kwamba huinyang'anya molekuli elektroni moja bila hata kugongana nayo. Elektroni iliyonyakuliwa haiendi moja kwa moja kwenye ngazi ya chini. Hutua kwenye ngazi ya juu, kisha hushuka kwa hatua, na hatua ya mwisho, iliyo kubwa kuliko zote, hutoa fotoni ya elektronivolti 560 hivi. Ioni iliyokosa elektroni zote nane ikinyakua moja, hatua yake ya mwisho hutoa fotoni ya elektronivolti 650 hivi. Kaboni na nitrojeni zina fotoni zao, kila moja na nishati yake.

Tazama basi kilichotokea. Molekuli ya maji haikupashwa joto, na barafu imebaki barafu. Nishati ya eksirei ilikuwa ni deni lililobebwa na ioni tangu koronani, likalipwa umbali wa makumi ya mamilioni ya kilomita kutoka lilikofanyika. Kwa hiyo joto la mamilioni ya digrii ulilofundishwa lipo kweli katika kisa hiki, isipokuwa liko kwenye Jua, siku kadhaa nyuma, na nyotamkia ni mahali tu ambapo athari yake imejitokeza. Hilali nayo inaeleweka: ioni huja kutoka upande wa Jua, hukutana na gesi, na zile zinazoelekea moja kwa moja kwenye kiini huwa zimekwisha kupata elektroni kabla hazijakifikia, kwa vile gesi ya karibu na kiini ni nzito.

Ushahidi uliomaliza ubishi ulikuja kwa mafungu. Watafiti wa Ujerumani walirudi kwenye data za ROSAT za mwaka 1990 na 1991 na kukuta nyotamkia kadhaa zilizokuwa zimerekodiwa bila mtu kuzitambua, mojawapo ikiwa Levy ya mwaka 1990. Ilionekana kwamba nyotamkia zenye vumbi kidogo hazipungukiwi eksirei, jambo lisilopatana na nadharia ya vumbi. Kisha Julai 2000 darubini ya Chandra ya Marekani iliitazama nyotamkia LINEAR, ile iliyosambaratika mwezi huohuo, na spektra yake (mgawanyo wa fotoni kwa nishati) ikatoa mistari, yaani vilele kwenye nishati mahususi, ya oksijeni na nitrojeni zilizopokonywa elektroni. Eksirei zinazotokana na vumbi, au na elektroni zinazopunguzwa mwendo, zingetoa mteremko laini usio na vilele hivyo.

Hapo ndipo jibu la sehemu ya pili ya swali lako linapoanzia. Kama ningepewa orodha ya fotoni bila kuambiwa zimetoka wapi, kwanza ningetazama nishati. Fotoni zote zikiwa chini ya elektronivolti 1,000 na zikijazana kwenye vilele vichache, mojawapo kikiwa karibu na 560, ningefikiria ubadilishanaji wa chaji. Zikienea kuanzia mamia hadi makumi ya maelfu, pamoja na kilele cha chuma karibu na 6,400, ningefikiria gesi inayozunguka shimo jeusi. Kilele hicho cha chuma hutokea eksirei ngumu zinapoigonga sahani, na karibu na shimo huvutwa na kupanuliwa na kasi na mvuto, kama setilaiti ya Japani ASCA ilivyoonyesha mwaka 1995 katika galaksi MCG-6-30-15.

Pili ningetazama mahali. Nyotamkia hutembea. Hyakutake, siku zile za Machi 1996, ilikuwa ikivuka zaidi ya digrii kumi za anga kwa siku, kwa hiyo picha ya kawaida ya eksirei ingeonyesha michirizi isiyo na maana. Kwa vile kila fotoni ina saa yake, watafiti huirudisha kila moja nyuma kulingana na mahali nyotamkia ilipokuwa wakati huo, ndipo wingu linajitokeza, na nyota za nyuma ndizo zinazogeuka kuwa michirizi. Nyotamkia pia ni pana, ilhali shimo jeusi ni nukta, liwe karibu au mbali. Kati ya nukta mbili, moja ya galaksi yetu na nyingine ya mbali, eksirei pekee mara nyingi hazitoshi. Hapo huombwa msaada wa darubini za nuru ya kawaida: nukta ikiangukia katikati ya galaksi inayoonekana, na mistari ya nuru ya galaksi hiyo ikiwa imesogea upande wa nyekundu, dalili ya umbali mkubwa, mjadala unakuwa mfupi.

Ufupi huo, hata hivyo, unaweza kupotosha. Tarehe 28 Machi 2011 setilaiti Swift iligundua mlipuko uliodhaniwa kuwa wa miale ya gamma, wa aina inayokwisha kwa sekunde au dakika. Huu haukukwisha. Uliwaka tena na tena, na mahali pake palikuwa katikati ya galaksi ndogo iliyo umbali wa miaka ya nuru karibu bilioni 4, ambayo haikuwa na dalili za kuwa galaksi hai siku za nyuma. Maelezo yanayokubalika ni kwamba nyota ilikaribia mno shimo jeusi la katikati ya galaksi hiyo ikararuliwa, na mabaki yake yakazalisha mkondo ulioelekezwa kwetu. Je, tukiite chanzo cha ghafla au galaksi hai? Binafsi siguswi sana na mgawanyo huo. Majina tulikuwa nayo kabla ya kuelewa, na maumbile hayakuombwa ridhaa.

Ipo pia hadaa iliyo karibu zaidi. Angahewa ya Dunia ina pazia jembamba la haidrojeni linaloenea mbali juu, na upepo wa Jua hubadilishana chaji nalo kama unavyofanya kwenye nyotamkia. Mwezi Juni 1990 ROSAT iliupiga picha Mwezi, ikaona eksirei hafifu zikitoka upande wenye giza, ambao haukupaswa kutoa chochote. Miaka zaidi ya kumi baadaye, kwa kutumia vipimo vya Chandra, ilieleweka kwamba eksirei hizo zilikuwa mbele ya Mwezi, za pazia letu wenyewe. Maana yake ni kwamba kila setilaiti inayotazama galaksi ya mbali huitazama kupitia mwangaza huu, unaopanda na kushuka upepo wa Jua unapobadilika. Waliopanga ramani ya anga ya ROSAT walikuwa wamekwisha kuona kelele ya nyuma ikiongezeka kwa saa au siku kadhaa bila sababu, wakaiondoa kwenye hesabu bila kujua ni nini. Elimu iliyopatikana kwenye nyotamkia ndiyo iliyoeleza kelele hiyo.

Kwa upande wa vyombo, sitakuchosha na orodha. Anga yote hupitiwa na macho ya vipokezi vyenye uwanja mpana, kama MAXI iliyofungwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga tangu 2009 na Einstein Probe ya China iliyorushwa Januari 2024, navyo vikiona jambo, vyombo vyenye macho makali huelekezwa huko. Swift, iliyorushwa Novemba 2004, hufanya kazi zote mbili, na hugeuka kuelekea chanzo kipya yenyewe. Tarehe 15 Juni 2015 ndiyo iliyotoa mapema taarifa kwamba shimo jeusi V404 Cygni, katika kundinyota la Dajaja, limeamka baada ya kulala tangu 1989. Tahadhari za haraka hupitia setilaiti za mawasiliano, lakini shehena kubwa ya data za Swift hushushwa kwenye antena za kituo cha Waitaliano hapo kwenu Malindi. Huenda unapita karibu nazo unapoelekea Ngomeni.

Kupitia antena hizo zimepita pia nyotamkia. Januari 2009 Swift iliitazama nyotamkia Lulin kwa urujuanimno na kwa eksirei kwa wakati mmoja. Kutokana na urujuanimno ilihesabiwa kwamba ilikuwa ikitoa karibu lita 3,000 za maji kila sekunde, na eksirei zilionyesha mahali upepo wa Jua ulipokuwa ukikutana na gesi hiyo. Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa tarehe 4 Julai 2005, chombo cha Marekani kilipoigonga nyotamkia Tempel 1 kwa makusudi, kwa kitu chenye uzito wa kilo 370 hivi. Swift iliendelea kuitazama siku zilizofuata, na eksirei ziliongezeka polepole kwa sababu mvuke uliofumuka ulihitaji muda wa kutanda hadi mahali upepo wa Jua unapoufikia. Kwa kuwa kila eksirei inahitaji molekuli ya kunyang'anywa elektroni, watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester, ambao chuo chao ndicho kilichotengeneza pia kipokezi cha Ariel 5 kilichoiona A0620-00, waliweza kugeuza hesabu ya fotoni kuwa hesabu ya maji, wakapata kwamba mgongano ule na yaliyoufuata yalitoa maji yapatayo tani 250,000.